Mzee Hakunywa Hata Tone

Jalada lilikuwa limeshafungwa kwa kamba nyekundu, limebaki kupelekwa kwa wakili wa serikali mchana ule, na bado Inspekta Duwal alikuwa akilitazama pale mezani kama mtu anayeshuku ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mzee Asta Shilpakar, fundi wa kuchonga madirisha aliyejulikana mji mzima wa Bhaktapur, Nepal, alifariki siku ileile familia yake ilipomfanyia janku, sherehe ya kumpongeza mzee aliyevuka miaka sabini na saba. Asubuhi wanawe na wajukuu walimvuta mitaani kwenye kigari cha maua, ngoma mbele, ngoma nyuma. Jioni wakamkuta amepoa kitini. Damu yake ilikutwa na mofini nyingi. Mzee alikuwa na saratani ya mifupa, na kila asubuhi alimeza kidonge kimoja cha mofini cha kutuliza maumivu, cha ile aina inayoachia dawa polepole mchana kutwa. Aliyempa kidonge hicho ni Phulmaya Tamang, muuguzi wa nyumbani aliyeajiriwa na Indra, mtoto mkubwa wa marehemu. Basi nani mwingine wa kulaumiwa? Indra mwenyewe ndiye aliyekwenda kituoni kumshtaki, na Duwal akamweka ndani.

Kilichomkera Duwal ni vidonge. Vilivyobaki vilikuwa vimetimia, hakuna kilichopungua. Mzee alipewa kimoja tu, halafu damu inaonyesha kwamba dawa ya siku nzima ilimwagika mwilini kwa mkupuo. Daktari Pandey wa hospitali alimwambia jambo hilo lina njia mbili: ama kidonge kilipondwa, ama kilikutana tumboni na pombe kali. Duwal akaiuliza nyumba nzima kama mzee alikunywa. Mke, watoto, majirani, wote walijibu kwa kauli moja: mzee aliacha pombe tangu alipougua, na siku ile hakunywa hata tone. Ikabaki kupondwa. Duwal akakamata kinu cha jikoni, akakipeleka maabara kwa ulinzi wa askari wawili, na maabara ikamjibu kwamba kimekutwa na pilipili, tangawizi na kitunguu saumu. Kituo kizima kilimcheka. Hata wapishi wa kambi walimuuliza kama kinu kimekiri.

"Chai, afande," alisema Konstebo Sabitri, akiweka kikombe mezani. Sabitri alikuwa binti wa tambarare za kusini, na tangu ahamishiwe huku alikuwa hajaacha kushangaa mambo ya Wanewari, wenyeji wa bonde hili. "Na hongera kwa siku ya kuzaliwa." Akasita, akavuta hewa puani. "Eh! Afande, leo umeanza mapema."

"Nimeanza nini?"

"Unanuka pombe."

Duwal alimkazia macho. "Sabitri, umewahi kuniona nimekunywa saa za kazi?"

"Kuona sijaona. Nanusa."

"Basi pua yako ina matatizo. Leo sijagusa kilevi, naapa."

"Usiape, afande, nakuomba. Mkuu wa kituo yuko njiani. Tafuna iliki kwanza, uape baadaye."

"Nimekwambia sijanywa! Nimetoka nyumbani moja kwa moja. Mama kanipa sagun ya siku ya kuzaliwa, nikapanda pikipiki, nikaja. Basi."

"Sagun ndiyo nini?"

"Baraka. Yai la kuchemsha, samaki wa kukaanga, kipande cha nyama, mkate wa dengu, na..."

Hakumaliza. Akilini alimwona mama yake vilevile alivyokuwa alfajiri, ameinua birika la shaba juu, mchirizi mwembamba ukiteremka kwenye kibakuli chake. Alikipokea kwa mikono miwili, akamaliza. Mama akajaza tena, akamaliza. Akajaza mara ya tatu, kwa sababu sagun ya mara moja ni nuksi. Koo lilimwaka hadi alipofika kwenye daraja.

"Na nini, afande?"

"Na aila," alisema Duwal.

"Ile ya mchele mnayojipikia majumbani? Inayoshika moto ukiiwashia kiberiti?"

"Hiyohiyo."

"Na hujanywa."

"Nimepokea baraka," alisema, na hapo ndipo alipojisikia mwenyewe anavyosema.

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomtia baridi. Angepandishwa kizimbani angeapa vilevile, na angekuwa na dhamiri safi. Yeye, Mnewari aliyezaliwa na kukulia mitaa hii, aliingia katika nyumba ya Wanewari akauliza kama mzee alikunywa, nao wakamjibu kwa dhati ya mioyo yao kwamba hakunywa. Haikumjia akilini hata kidogo kwamba aliuliza swali la mgeni. Na kwenye karatasi ya maabara alikuwa ameandika kwa mkono wake: marehemu hakuwa mnywaji, kipimo cha pombe hakihitajiki. Aibu ilimpanda kifuani hadi masikioni. Akasukuma chai pembeni, akanyanyua simu.

"Daktari, damu ya Mzee Shilpakar bado ipo?"

"Ipo kwenye jokofu," alijibu Daktari Pandey. "Vipi, umepata kinu kingine?"

"Ipime pombe."

"Si wewe uliyeandika isipimwe?"

"Niliandika upuuzi. Ipime, tafadhali, na unipigie leoleo. Halafu niambie tena kuhusu kile kidonge, polepole, kama unamfundisha mtoto."

Daktari aliacha utani. "Kidonge cha aina ile kimetengenezwa kishike dawa, kiiachie kidogo kidogo. Pombe kali inaweza kuvunja ule mshiko, dawa yote ikatoka pamoja. Na hata usipovunjika, mofini inalegeza pumzi, pombe nayo inalegeza pumzi. Ukizikutanisha, mtu anasinzia, anakoroma, na mwili unasahau kupumua. Alikunywa kiasi gani?"

"Kibakuli kidogo," alisema Duwal. "Lakini sidhani kama kilikuwa kimoja."

Akateremka mahabusu.

Phulmaya alikuwa ameketi ameupa mlango mgongo. Msichana mwembamba wa milimani, mikono yake imekwaruzika kwa kufua mashuka ya wagonjwa. Hakugeuka.

"Nimeshasema yote, afande."

"Uliniambia wakati wa sherehe ulikuwa chini. Nikaandika kwamba uliacha kazi yako. Leo nakuuliza: nani alikuweka chini?"

Phulmaya alikwaruza ukuta kwa ukucha.

"Phulmaya. Mchana huu jalada linakwenda kuwa kesi ya mauaji."

"Kaka Indra," alisema hatimaye, kwa ukuta. "Alisema wageni wakimwona muuguzi watauliza mzee anaumwa nini. Na wakisikia anameza mofini watasema nyumba ya Shilpakar inafuga mla afyuni. Nikae stoo mpaka wageni waondoke. Nikakaa."

"Kwa nini hukunieleza?"

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Nieleze nini? Kwamba mgonjwa wangu anakufa juu, na mimi nimekalia gunia la viazi kwa sababu nimefichwa kama takataka? Nilipendelea uniite mzembe. Mzembe angalau ni mtu. Na kaka Indra nilimwahidi sitasema."

Duwal alipiga magoti mbele ya nondo ili wawe sawa. "Mliwahi kuzungumza habari ya pombe?"

"Siku moja kabla. Nilimwambia Mama, mke wa mzee, baba asionje pombe, hata tone, pamoja na dawa hii inaua. Akaniambia, mwanangu, pombe ilishatoka katika nyumba hii. Nikamwamini. Yule mama si mwongo, afande."

"Si mwongo. Unajua sagun?"

"Nilisikia wakiitaja. Si yai?"

"Yai. Na aila."

Phulmaya alijiziba mdomo kwa kiganja. "Kwetu pombe ni pombe," alisema, "hata ukimmwagia mungu." Halafu akauliza, "Mama anajua?"

"Bado."

"Basi usimwambie kwa ukali."

Duwal alipanda ngazi. Wiki zote zile alikuwa amemhoji kwa ukali, tena akijisifu moyoni kwamba anaijua kazi.

Nyumba ya Shilpakar ilikuwa uchochoroni nyuma ya uwanja wa wafinyanzi, dirisha lake la tausi limechongwa na marehemu mwenyewe. Indra alimpokea mlangoni. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za msiba mpaka viatu, nywele alizonyoa kwa ajili ya msiba zimeanza kuota kichwani.

"Umeshampeleka mahakamani?" aliuliza.

"Nataka kuzungumza na mama yako."

"Mama hajambo lakini hataki maswali tena. Sisi tumekueleza kila kitu, Inspekta. Mkosaji unaye, unatuzungukia wa nini?"

"Hukunieleza kila kitu. Hukunieleza kwamba ulimfungia muuguzi stoo."

Indra alitazama nyuma yake haraka, kuona kama kuna jirani. "Sikumfungia. Nilimwomba apumzike."

"Juu ya viazi?"

"Inspekta, wewe ni mtu wa hapa. Unazijua ndimi za watu wetu. Baba yangu alikuwa na jina. Ulitaka siku yake kuu wageni wanong'one kwamba anaishi kwa afyuni?"

"Kwa hiyo hakuna mgeni aliyejua anameza nini."

"Hakuna. Nilihakikisha."

Alisema kwa kujivuna. Duwal akapita, akapanda ngazi za mbao hadi ghorofa ya juu.

Gyani Maya, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jiko, mikono mitupu bila bangili. Alimsogezea Duwal mkeka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuamrisha jiko la watu mia.

"Kaa, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Hujala?"

"Nimekula, mama. Mama, siku ile nilikuuliza kama baba alikunywa."

"Nami nikakujibu. Hakunywa hata tone. Nikujibu mara ngapi?"

"Leo nina swali jingine. Baba alipewa sagun?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama siku ile jua lilichomoza. "Janku bila sagun? Mama yako hakukufundisha kitu?"

"Nani alimpa?"

"Mimi kwanza, ndimi mkubwa wa nyumba hii. Halafu wakwe zangu. Halafu binti yetu na mumewe, dada zake baba wa Thimi, na watu wa ukoo wa Banepa. Kila mlango ulileta yai lake na samaki wake. Hukuwaona wale watu, mwanangu. Ngazi zilijaa. Watu walimpenda."

"Na aila yao alionja tu, au alimaliza?"

"Baraka inabakizwa? Alimaliza. Kila kibakuli. Tena alichangamka, akasema leo mifupa imemsamehe. Akataka hata kusimama acheze."

"Halafu?"

"Halafu akasinzia palepale kwenye kiti chake cha maua." Gyani Maya alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza Duwal kuliona katika nyumba ile. "Akakoroma. Koromo zito, linakata, linarudi, linakata tena. Mjukuu wetu akasema babu anapasua mbao, tukacheka wote. Binti akataka kumwamsha ale mtindi, mimi nikamkataza. Nikasema mwacheni, tangu ugonjwa uingie hajapata usingizi kama huu. Nikamfunika miguu. Nikawafukuza hata wapiga ngoma."

Indra alikuwa amesimama mlangoni. Duwal aliona rangi ikimwondoka usoni. Mtoto alikuwa ameelewa kabla ya mama.

"Inspekta, inatosha," alisema Indra. "Mama, nenda kapumzike."

"Nipumzike nini? Mtu anauliza, namjibu."

Simu ya Duwal ikalia. Alisikiliza, hakusema zaidi ya "ndiyo" na "asante." Daktari Pandey alikuwa amesema maneno machache: pombe ipo, tena ya kutosha kumlaza mtu mzima, achilia mbali mgonjwa aliyekwisha meza kidonge kile.

Akairudisha simu mfukoni. Alikumbuka maneno ya Phulmaya, akatafuta njia ya kusema bila ukali, na hakuipata. Kwa hiyo akaanza na lake mwenyewe.

"Mama, leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Asubuhi nimepewa sagun. Nimekwenda kazini nanuka aila, askari wangu ameniuliza kama nimekunywa, nami nimeapa sijanywa. Nimeapa, mama. Sisi wote tuko hivyo. Nilikuuliza swali baya, ukanipa jibu la kweli, na kwa sababu hiyo nimemweka ndani mtu asiye na kosa. Dawa ya baba ilikuwa haipatani na kilevi cha namna yoyote. Damu yake imepimwa sasa hivi. Ile aila ndiyo iliyoifungulia dawa yote kwa pamoja. Lile koromo halikuwa usingizi."

Gyani Maya hakulia. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena.

"Yule msichana aliniambia," alisema. "Aliniambia hata tone."

"Mama, hukujua," alisema Indra.

"Alisimama pale ulipo. Alisema mara mbili. Nami nikamwona mtoto wa watu anayejitia kujua, nikamjibu kwa mkato ili niendelee kuchagua mayai. Nilimpa kwa mkono huu. Na siku ya kuuchoma mwili wake, mbele ya watu wote, nilimwita yule msichana muuaji. Nilimtemea mate, Indra. Uliniona nikimtemea mate."

"Mama..."

"Yuko wapi?" alimuuliza Duwal.

"Kituoni. Nitamwachia leo."

"Nipeleke."

"Mama, watu watakuona unaingia polisi!" Indra alisema. "Hata mwezi wa msiba haujaisha! Inspekta atamwambia, tutamtumia ujumbe, tutampa..."

"Waone," alisema mjane, akajifunga shali. "Tumeogopa macho ya watu mpaka tumefika hapa."

Walikwenda kwa miguu, mjane mbele, Duwal ubavuni, Indra nyuma na nguo zake nyeupe. Wauza mboga waliacha kupima. Mtu mmoja alimwita Indra kwa jina, Indra akajifanya hakusikia. Duwal alitamani mtaa ule uwe mfupi, kisha akajiambia astahimili, kwa maana Phulmaya aliupitia na pingu.

Sabitri, aliyepigiwa simu na Duwal njiani, alikuwa ameshamtoa Phulmaya mahabusu na kumkalisha kwenye benchi la ofisini. Jalada lilikuwa pale pale mezani. Duwal alilifungua kamba, akaitoa hati ya mashtaka, akaipasua mbele yao. Mengine angeyaandika baadaye kwa mkuu wa kituo, pamoja na kosa lake la karatasi ya maabara, na angeyaandika bila kujipaka mafuta.

"Uko huru," alimwambia Phulmaya. "Nimekukosea. Naomba radhi."

Phulmaya aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwa mjane. Gyani Maya alivuka chumba, na kabla mtu hajamzuia akainama akaweka paji la uso juu ya miguu ya msichana. Sabitri alishtuka. Hata yeye mgeni alijua kwamba mama wa umri ule hainamii miguu ya mtumishi.

"Mama, usifanye hivyo!" Phulmaya alivuta miguu yake, akashuka sakafuni, wakawa wamepiga magoti wote wawili. "Unaniletea laana. Inuka."

"Sitainuka mpaka unijibu." Gyani Maya alimshika mikono. "Na usinionee huruma. Alipokuwa anakoroma vile, nasi tunacheka. Kama usingefichwa kule stoo, ungekuwa pale, ungejua?"

Phulmaya alimtazama Duwal, kama anayeomba amwokoe na swali lile.

"Niambie, mwanangu. Nyumba yangu imejaa watu wanaonificha mambo."

"Ningejua, Mama," alisema Phulmaya kwa sauti ya chini. "Koromo la namna ile tulifundishwa. Ningemwamsha. Asingeamka, ningemlaza ubavu na kuita gari la wagonjwa. Hospitali wanayo sindano ya kuirudisha pumzi."

"Kulikuwa na muda?"

"Ulikuwepo."

Gyani Maya aliitikia polepole, mara nyingi, bila kuachia mikono ya msichana. Kisha akageuza kichwa kumtazama mwanawe. Indra alikuwa amesimama karibu na mlango, na alipoona mama yake anamtazama, akageukia ukuta, akajifunika uso kwa ncha ya shuka lake jeupe, akabaki hivyo.